Sura ya Saba: Jasi ya Mgongoni

Shati la marehemu lilikuwa limekauka hadi likaweza kusimama lenyewe. Esta, fundi wa maabara ya hospitali, alilishika kola kwa koleo akaliweka juu ya karatasi nyeupe, nalo likabaki na umbo la mabega ya mwenyewe. Inspekta Rebeka Sichalwe hakupenda kulitazama. Lakini ndilo alilobaki nalo, shati hilo na muda wa hadi kesho asubuhi.

Kesho asubuhi Shabani Likwelile angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Kesi ya mauaji haina dhamana, na Mtwara nzima inajua kwamba mtu akiingia rumande kwa kesi hiyo, watoto wake huweza kuota ndevu kabla hajasikilizwa. Na ushahidi wenyewe ulikuwa nini? Mwili wa Rajabu, mlinzi wa pampu katika mashamba ya chumvi ya Namakoro, ulikutwa Jumapili asubuhi umelala kifudifudi ndani ya jaruba la Shabani, kidimbwi chake cha kukaushia maji ya bahari, kisogo kimepasuka. Siku chache kabla ya hapo wawili hao nusura washikane mashati mbele za watu, Shabani akilalamika kwamba Rajabu anamnyima maji ya pampu. Shabani alisema Jumamosi yote alikuwa Kitaya kwa dada yake, lakini dada ni ndugu wa damu, na kwa polisi ndugu wa damu hahesabiwi. Mrakibu Filipo, mkuu wa upelelezi, alikuwa amekwisha kufunga mjadala. Lisemwalo lipo, alimwambia Rebeka, na kama halipo laja. Methali nzuri ya vijiweni hiyo, ila haijapata kumfaa mtu aliye mahabusu.

Basi Rebeka alikuwa ameomba jambo moja tu, nguo za marehemu zitazamwe vizuri. Mrakibu alicheka, akamwambia haya, nenda kafue.

Esta hakuwa na haraka. Alieleza kwamba maji ya bahari yakikaushwa na jua hayatoi chumvi moja kwa moja. Inatangulia jasi, hii hii ya kutengenezea chaki za shuleni, kisha ndiyo chumvi inafuata. Alikuwa amekata nyuzi za mbele ya shati na nyuzi za mgongoni, akazisuuza kwa maji safi kidogo. Chumvi iliyeyuka ikaenda zake, jasi ikabaki. Alimsogezea Rebeka hadubini.

Nyuzi za mbele zilikuwa zimejaa vitu virefu, vyembamba, vyenye ncha, sindano tupu. Esta akabadilisha kioo. Nyuzi za mgongoni zilikuwa na vitu vifupi, vinene, butu huku na huku, mithili ya vidonge vya malaria.

"Hivi ni vitu viwili?" Rebeka aliuliza.

"Ni kitu kimoja. Nimepima mara mbili kwa sababu hata mimi sikuamini. Jasi mbele, jasi nyuma. Kilichotofautiana ni umbo."

"Na umbo linabadilishwa na nini?"

"Na kilichomo ndani ya maji. Mgongo na kifua cha mtu huyu havikulowa maji ya mahali pamoja."

Rebeka aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Aliliona jaruba la Shabani Jumapili ile kwa macho yake. Maji yake hayakufika hata nusu ya muundi. Rajabu alilala humo kifudifudi, mgongo ukiwa juu kabisa, unapigwa jua. Maji ya Shabani yasingeweza kuulowesha mgongo ule hata kama angelala humo wiki nzima. Ina maana alikuja humo akiwa tayari ameloa, na kama alikuja ameloa, basi aliletwa.

Kabla ya kutoka, alimwomba Esta lenzi ya mkono na jambo moja zaidi. Daktari aliyepasua mwili alikuwa amehifadhi kwenye chupa maji aliyoyakuta kooni. Esta ayatazame hayo pia, kisha apige simu Namakoro akipata jibu.

Njia ya Namakoro inapita kwenye mikorosho, halafu mikorosho inakwisha ghafla na kinachobaki ni uwanda mweupe unaoumiza macho hadi kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma. Konstebo Mikaeli, dereva, alisimamisha Landrova penye ofisi ya mabati. Wafanyakazi walikuwa wachache siku hiyo. Wengi walikuwa bado msibani.

Kila jaruba la Namakoro lina kijiti cha mkoko kilichochomekwa katikati. Anayelima jaruba hukichomoa akatazama kilichoota juu yake, ndipo ajue kama jasi imepita na chumvi imefika. Rebeka alivua viatu vya serikali, akakunja suruali, akaingia mwenyewe. Kijiti cha Shabani kilikuwa na sindano. Akapanda majaruba ya juu, moja baada ya jingine, jua likimchoma shingo. Huko nako alikuta sindano na chembe za chumvi za pembe nne. Alichomoa vijiti hadi Mikaeli akaanza kumwonea huruma.

Likabaki bwawa la pampu. Hili lilikuwa limezungushiwa senyenge na lango lake lilikuwa na kufuli. Ndilo linalokusanya maji yaliyoanza kukolea, pampu ikayavuta na kuyapandisha majaruba ya juu. Jaruba la Shabani liko chini, upande wa mikoko, halipati maji hayo. Linajazwa na bahari yenyewe kwa mfereji, na huo ndio uliokuwa ugomvi wake na Rajabu.

Aliyekuja na ufunguo alikuwa Frank, mkemia, kijana wa Moshi aliyeajiriwa kushughulikia mabomba. Alitokwa jasho kuliko jua lilivyostahili. Rebeka aliingia, akachomoa kijiti cha bwawa, akaweka lenzi. Juu yake palikuwa na vidonge tu, vifupi na vinene. Hapakuwa na sindano hata moja.

Alimwuliza Frank umetia nini humu. Frank akasema maji ya bahari, afande. Akamwuliza tena, safari hii taratibu zaidi, na Mikaeli akasogea karibu. Watu wengi hawajui kwamba polisi anayepunguza sauti ndiye wa kuogopwa. Frank alikaa juu ya ukingo wa saruji.

Yakatoka yote. Jasi ilikuwa inaziba mabomba ya pampu kila msimu, inajishindilia ndani hadi bomba linapasuliwa kwa nyundo. Yeye alikuwa ameagiza dawa, dumu moja dogo, akaitia humo bila kumwambia mwenye shamba, maana chumvi ni chakula, na mwenye shamba angemfukuza.

"Dawa gani?"

"Peptidi. Ni kipande cha protini, ila hiki hakikutoka kwa mnyama wala kwa mmea, kimeungwa kiwandani. Asidi moja inaunganishwa na mwenzake, na mwenzake, mfano wa shanga za rangi moja." Akilipata somo lake, kijana alianza kusahau hofu. "Jasi inapenda kurefuka, afande. Inajiongezea kwenye ncha, ndiyo maana inatoka sindano. Hii peptidi inakwenda kunata pale pale kwenye ncha. Ncha ikizibwa, punje haina pa kukulia ila ubavuni. Inakuwa fupi, nene, haishikani na wenzake, inapita na maji."

"Uliitia lini, na wapi kwingine?"

"Jumamosi mchana, humu tu, nikakikwangua na kijiti nione kitakachoota. Na pampu ilikufa mchana huo huo, haijapandisha tone hadi leo. Hakuna jaruba lililoonja dawa hii."

Rebeka akamtazama sana. Huyu alikuwa na ufunguo, alikuwa na siri, na mlinzi wa pampu ndiye mtu ambaye angeweza kumfuma akitia dawa kwa kificho. Mkononi Rebeka alikuwa na sababu ya kuua iliyonona kuliko ya Shabani. Afisa mwingine angemfunga pingu hapo hapo akarudi mjini akipiga mluzi.

Yeye alimwuliza alilala wapi Jumamosi. Mjini, Rahaleo, kwa dada yake, akasema Frank, na Jumapili asubuhi aliimba kwaya. Rebeka hakumwamini wala hakumkatalia. Alikwenda kwenye redio ya gari, akaagiza askari aende kwa katekista. Jibu lilirudi: Frank alikuwa mazoezini Jumamosi jioni, na alfajiri alikuwa wa kwanza kufika kanisani kupanga viti. Watu wa kumwona walikuwa kwaya nzima. Hata bila kwaya, kulikuwa na jambo moja lililomtatiza Rebeka tangu mwanzo. Mtu anayejua kwamba peptidi yake inaacha alama kwenye nguo asingekaa kumfundisha polisi namna ya kuisoma.

"Ulipokwenda mjini, ufunguo ulimwachia nani?"

"Bi Somoe. Ndiye mnyapara wa akina mama wanaokwangua chumvi. Ninamwachia yeye siku zote, na usiku lango linafungwa mlinzi akiwa ndani." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ni mama mkwe wake Rajabu."

Rebeka alirudi ndani ya senyenge. Ngazi za saruji zinazoshuka majini zilikuwa zimeota utelezi wa kijani. Kwenye ngazi ya pili utelezi ulikuwa umekwanguliwa na kisigino. Juu yake, kwenye mdomo wa chuma wa pampu, palikuwa na doa jeusi na unywele mmoja mfupi umegandia. Alivipima kwa macho. Rajabu alishuka kuitazama pampu iliyokufa, akateleza, akagonga kisogo kwenye chuma, akaserereka akaishia kukaa ngazini, maji yakimfika mabegani. Ya kifuani yalikuja kusuuzwa na maji ya Shabani, ya mgongoni yakabaki. Hakuna aliyempiga. Shabani alikuwa mahabusu kwa ajili ya utelezi.

Angeshangilia, lakini ofisini simu ililia, na Frank akaja mbio kumwita.

Alikuwa Esta. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Ameyatazama maji ya kooni, alisema, na yale ya ndani zaidi, ya kwenye mapafu. Rebeka akamwambia najua, vidonge. Esta akasema hapana. Sindano. Ametafuta kidonge hata kimoja amekosa.

Rebeka aliweka simu chini. Maiti haivuti maji. Rajabu alipoanguka kwenye bwawa la pampu kichwa chake kilibaki juu, akazirai lakini akapumua. Maji yaliyoingia mapafuni mwake ni ya jaruba la Shabani. Aliyemtoa bwawani alimtoa akiwa hai, akampeleka hadi kwenye mikoko, akamlaza uso ndani ya maji yasiyofika hata magotini. Hasira ilimpanda, akaiacha ipande. Alimwambia Mikaeli ageuze gari, waende kijijini.

Msibani wanawake walikuwa wamekaa mkekani, wengine wanachambua mchele kwa ajili ya hitima. Rebeka alifunika kichwa mtandio, akapiga hodi, akawapa pole. Wakaitikia tumeshapoa. Kwenye chumba cha ndani, mlango ukiwa umerudishwa nusu, alikaa Mwanaisha, mjane, katika eda yake, na mtoto mchanga mapajani. Alikuwa mdogo kuliko Rebeka alivyodhani.

Bi Somoe alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anasonga ugali wa muhogo wa wageni. Mwanamke mrefu, mikono imepasuka kwa chumvi miaka na miaka. Rebeka alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akakaribishwa kibao. Hakukikalia.

Alimwambia anachokijua bila kukizungusha. Rajabu alianguka bwawani kwa pampu. Lango lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa kwake yeye Bi Somoe. Mtu alimtoa humo akampeleka kwa Shabani, na Shabani kesho anakwenda mahakamani kwa kuua.

Bi Somoe aliendelea kusonga. Alisonga mpaka ugali ukaiva, akauepua, akafunika kawa juu yake. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake waliofiwa.

"Ni mimi," alisema.

Alikwenda alfajiri kufungua lango, akamkuta kwenye ngazi, damu imeganda kisogoni, hajibu. Akalia. Akalia peke yake pale, kisha akaacha kulia akaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomponza. Maji yale yanalisha majaruba yote ya juu. Chumvi ya akina mama ilikuwa imewiva, wanangoja tu pampu itengenezwe wamalizie. Ikisikika kwamba maiti imelala ndani ya maji ya pampu, nani angetia chumvi ya Namakoro chunguni mwake? Mikindani wangesema najisi. Newala wangesema najisi. Wanawake wote wale, wajane nusu yao, msimu wao umekwenda. Lakini maji ya kwa Shabani yalikuwa bado mabichi, chumvi haijaingia. Yale yangemwagwa baharini, yakaja mengine, basi, hakuna aliyedhurika. Akaleta toroli ya kubebea chumvi.

"Na Shabani? Hakudhurika?"

"Sikumkusudia yule. Nilisema mtaona ameanguka tu. Mlipomkamata, nikasema serikali ina macho, itamwachia. Kila siku nasema kesho watamwachia." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Ninajua dhambi yangu. Ningekuja."

"Ulipomtoa, ulimsikiliza kama anapumua?"

Bi Somoe alimtazama kana kwamba ameulizwa na mtoto.

"Yule ni mkwe wangu. Toka siku alipomwoa Mwanaisha sijamtazama usoni. Akija njia hii mimi ninapita ile. Kwetu ndivyo, na yeye aliniheshimu hivyo hivyo, hajanivunjia hata siku moja. Ningemtazamaje siku ya kufa kwake? Nilimtupia kanga kichwani kwanza. Nikamvuta kwa makwapa nikiwa nimegeukia pembeni. Kule nikaivuta kanga yangu, nikamgeuza kifudifudi nisije nikamwona. Nikaondoka bila kugeuka nyuma."

Rebeka alikuwa amekuja na neno tayari mdomoni, na neno lenyewe lilikuwa kuua kwa kukusudia. Likamshinda kutoka. Mikaeli, aliyesimama kwenye kona ya nyumba, alivua kofia.

Bi Somoe si mjinga. Mtu anayeongoza wanawake arobaini juani anajua kusoma ukimya. Aliangalia uso wa Rebeka, akaangalia wa Mikaeli, akaurudia wa Rebeka.

"Kwa nini unaniuliza kupumua?" alisema. "Alikuwa amekwisha kufa. Si ndiyo?"

Sheria haikumlazimisha Rebeka kujibu. Angeweza kusema utaambiwa kituoni, kama wanavyosema wote. Aliona huo ungekuwa ukatili wa bure. Akachuchumaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Alikuwa hai, mama. Alizirai tu. Maji yaliyomwua ni ya kwa Shabani."

Mwanamke yule hakupiga ukelele. Aliweka viganja vyote viwili chini, akavikandamiza vumbini kwa nguvu. Kutoka mkekani kulisikika mtu anacheka kidogo kwa jambo jingine kabisa, kisha akanyamazishwa. Rebeka alimweleza kwamba Shabani angetoka kesho, kwamba yeye angeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kwamba hakimu angeelezwa kila kitu kama alivyokieleza. Hakuwa na hakika kama anasikika.

"Mwanangu hajui," Bi Somoe alisema hatimaye. "Nimwambie mimi. Asiambiwe na serikali."

Rebeka alimsaidia kuinuka, naye alikuwa mzito ghafla. Akamwacha aingie chumbani, yeye akasimama mlangoni, maana mtuhumiwa haachwi peke yake. Mama na binti walisemeshana kwa Kimakonde. Rebeka, mtu wa Mbeya, hakukijua, lakini jina la Rajabu alilisikia, na la Shabani, na toroli. Sauti ya mama ilikuwa ikienda moja kwa moja bila kupumzika. Ikafika mahali ikakatika.

Mwanaisha alimtazama mama yake, kisha akamwinua mtoto mapajani akamkumbatia kifuani, akageuka nusu kana kwamba anamficha. Bi Somoe alinyoosha mkono, haukufika, akaurudisha. Akatoka nje mwenyewe, akampita Rebeka, akamfuata Mikaeli kwenye gari bila kuambiwa. Wale wa mkekani walinyanyua vichwa.

Rebeka alikuwa anarudisha mlango Mwanaisha aliposema naye, kwa Kiswahili, kwa utulivu uliomtisha.

"Afande. Mkimchukua yule, eda yangu atanikalisha nani?"

Rebeka alisema pole. Kisha akaufunga mlango taratibu ili mtoto asiamke.